Kilio cha Mtu Aliye Hai

Kwa mwaka mzima sikupata hadithi. Niliamka, nikachemsha chai, nikakaa mbele ya daftari mpaka chai ikapoa, nikainuka nikaenda kufundisha. Watu walioniuliza naandika nini siku hizi niliwaambia riwaya kubwa. Ulikuwa uongo mtupu, hata mhusika mmoja haukuwa naye.

Nilitafuta kila mahali isipokuwa nyumbani. Nilipanda pikipiki hadi njia ya Shinkolobwe kuwauliza wachimbaji habari zao, wakanidhania mpelelezi. Nilikwenda kutazama maporomoko ya maji ya Mwadingusha, nikarudi na mafua. Nilikuwa nazunguka mbuyu tu, maana kulikuwa na jambo moja nililolijua vizuri na sikutaka kuliandika. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, baba alitoka kwenye machimbo ya Kakontwe, vumbi la chokaa limemjaa kuanzia nywele hadi viatu, akaniletea shuleni kitabu nilichokisahau. Wenzangu wakauliza huyo ni nani. Nikasema ni mtumishi wa jirani. Baba alikuwa karibu, akasikia. Alinipa kitabu changu akaondoka, na hakulitaja jambo hilo kamwe. Mimi pia sikulitaja. Sasa yeye ni mzee aliyestaafu, nami ni mwalimu mwenye mvi, na kila Jumapili baada ya misa tunakula pamoja tukizungumza habari za mvua.

Hadithi ilinijia kutoka redioni. Kwetu Likasi mtu akifa, familia hupeleka tangazo kwenye redio ya mtaani, tunaliita komunike. Husomwa mchana kwa utaratibu ule ule: familia fulani na fulani, ndugu wa Likasi, wa Kambove na wa Lubumbashi, wanasikitika kuwatangazia kifo cha papa wao, yaani baba; kilio kiko barabara fulani, karibu na mahali fulani. Watu huacha walichokuwa wakifanya wakasikiliza, maana kukosa kilio cha jirani ni kosa ambalo utakumbushwa hadi uzeeni. Siku moja nilikuwa nasikiliza huku nakata vitunguu, nikagundua kwamba sentensi zile chache zimebeba riwaya nzima: nani ametajwa kwanza, nani amesahauliwa, nani itabidi atoke mbali. Nikaanza kuzinakili. Kufa kufaana, walisema wahenga, na waandishi ndio wa kwanza kwenye foleni.

Baada ya wiki mbili kalamu ikalainika. Niliandika juu ya mzee wa machimbo aliyekufa, na mwanawe anayesimama kando ya jeneza kuomba msamaha kwa kuwa alimkana shuleni. Nililia nikiandika. Nilipomaliza nilijiona nimekwisha kutubu, tena kwa Kiswahili kizuri.

Redio ile ile ina kipindi cha hadithi Jumamosi mchana, wakanialika nisome. Hadithi yangu ilianza na komunike, neno kwa neno kama zinavyosomwa. Na kwa uvivu tu, mahali pa kilio niliweka barabara ya baba kule Kikula, lango lake la buluu, na bomba la maji lililo mbele yake. Jina sikutaja. Nilidhani mtu hawezi kufa bila jina. Mtangazaji alinitambulisha haraka haraka, na waliochelewa kufungua redio walisikia sauti yangu mimi, mtoto wa nyumba ile, ikitangaza kilio kwa huzuni kubwa.

Nilipofika kwa baba baada ya kipindi, wanawake walikuwa wamekwisha kutandika mikeka uani. Mmoja alikuwa anashusha sufuria, mwingine mfuko wa unga, na wanaume walikuwa wanapanga viti. Baba akatokea mlangoni, bado anatafuna, tonge la bukari, ugali wetu, mkononi. Hakuwa amesikia chochote, kwa sababu umeme wa upande wake ulikatika tangu asubuhi.

"Munalilia nani?" aliuliza. "Minye njo huyu hapa."

Mama wa unga akapiga yowe, safari hii la kweli, akaukalia mfuko wake. Wengine walicheka mpaka wakafuta machozi kwa vitambaa walivyokuja navyo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mzee mmoja aliyefanya kazi na baba machimboni miaka mingi ndiye pekee ambaye hakucheka. Alimshika baba mkono, hakuuachia.

"Mutoto yako alisema ku radio ile mambo ya masomo," alimwambia; kwetu masomo ni shule. "Alisema muzuri. Bantu yote balisikia."

Baba akaniangalia. "Minye sikusikia," alisema.

Wale mama walikataa kurudi na unga wao. Walisema chakula kilicholetwa kwenye kilio hakirudi nyumbani, kwa hiyo wakawasha mkaa, wakapika, tukala wote, baba ameketi katikati akipokea pongezi za kutokufa. Alikuwa anatania na kila mtu isipokuwa mimi. Nilikula kidogo.

Walipoondoka jua lilikuwa bado juu. Baba akanionyesha kiti kilichokuwa karibu naye. "Leta ile maneno," alisema.

Nikatoa karatasi zangu, nikavaa miwani. Mungu anisamehe, nilifurahi, maana baba hakuwahi hata siku moja kuulizia ukurasa wangu. Nilikuwa nimefungua mdomo nisome komunike alipoweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Hapana kusoma. Hii uliambia mufu. Minye niko muzima. Sema."

Hadithi ilikuwa na kurasa saba. Nilitafuta sentensi moja humo ya kumwambia mtu anayenitazama usoni, nikaikosa. Nilivua miwani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya watu, na yaliyotoka yalitoka kwa kigugumizi.

"Papa, ile siku ku masomo nilikukana. Nilikuwa na haya. Pardon, papa."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya karatasi zangu.

"Ile siku ulikuwa mutoto," alisema. "Ilipita. Lakini hii miaka yote, ulikuwa mukubwa."