Salfa Ilikaa Shimoni: Mwantumu Mdoe na Mashine Yake ya Hesabu

Saa mbili na robo asubuhi, Mwantumu Mdoe amekwisha kuvua viatu. Anasema miguu ikigusa saruji, akili hutulia. Mbele yake ipo mashine nzito ya chuma yenye vitufe vya tarakimu na mkono wa kuzungusha. Anaweka namba, anazungusha, anasoma jibu, analiandika kwa penseli. Wageni wameingia, hajainua kichwa.

Anachokihesabu hakionekani kwa macho. Katika kiwanda hiki cha sabuni, nje kidogo ya mji wa Korogwe, mafuta ya mbegu za pamba hugandishwa kwa gesi ya haidrojeni. Kazi hiyo haiendi bila kichocheo, yaani unga wa nikeli. Molekuli za gesi hutua juu ya chuma hicho, hulegea, kisha huungana na mafuta. Mwantumu hukokotoa kila molekuli inaishika nikeli kwa nguvu kiasi gani, na inakaa mahali gani.

Mwaka jana, 1973, nikeli ilianza kuchoka. Unga uliozoea kugandisha mafuta mara kumi ulikufa baada ya mara mbili. Unaagizwa ng'ambo, na meli huchukua miezi. Uongozi ukatangaza kwamba hali isipobadilika kabla ya Desemba, kiwanda kitafungwa na wafanyakazi sitini na wanne watarudi makwao. Mwantumu, mjane mwenye watoto watatu, alikuwa mmoja wao.

Ni mzaliwa wa Kabuku, na shule aliishia darasa la nane. Mashine ya hesabu aliizoea katika ofisi ya shamba la mkonge, alikojumlisha mizigo ya katani kwa miaka tisa. Mkemia wa kiwanda, Bonaventura Sangali, msomi wa chuo kikuu ambaye baba yake alikuwa mkata mkonge, alimchukua kwa sababu moja tu: hakosei.

Bonaventura alishuku salfa kidogo iliyokuwamo kwenye gesi, ambayo hutengenezwa kwa makaa ya mawe. Aliandika kanuni, Mwantumu akazungusha mkono wiki sita. Jibu likatoka kwamba salfa haishiki nikeli kwa nguvu kuliko haidrojeni. Ikaonekana haina hatia.

Mwantumu hakuridhika. Katika kurasa zote, salfa iliwekwa juu kabisa ya atomi moja ya nikeli.

"Mama yangu aliuza machungwa pale Segera, njia panda," anasema. "Chungwa ukiliweka juu ya kichwa cha lenzake, linaporomoka. Ukiliweka kwenye shimo katikati ya manne, hata lori lipite halitikisiki."

Akaenda kwa mkubwa wake.

"Ndugu, mbona salfa hatujaiweka shimoni, katikati ya atomi nne?"

"Mama Hamisa, wewe zungusha mkono," alijibiwa. "Kufikiri niachie mimi."

"Iliniuma," anakumbuka. "Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia. Halafu nikaona machozi hayajumlishi kitu."

Kwa siku kumi na tisa alitumia saa yake ya chakula cha mchana. Kila nafasi ilidai apige hesabu ya umbali wa atomi thelathini na mbili za jirani. Alirudia yote mara tatu, na mara zote tatu jibu likawa lile lile: shimoni, salfa iliishika nikeli karibu mara tatu ya ilivyoishika juu ya atomi moja. Ilikuwa imekalia nafasi zote, haidrojeni ikakosa pa kutua.

"Ndugu Sangali alisoma karatasi zangu amesimama," anasema Mwantumu. "Akakaa. Akaniuliza, 'Umeyatoa wapi haya?' Nikamwambia, 'Segera.'"

Dawa haikuwa mbali, kwa kuwa kutu hunasa salfa. Fundi Ponsiano alikwenda kwenye reli za matoroli ya mkonge zilizotelekezwa, akakwangua kutu, akajaza pipa zima, na gesi ikapitishwa humo kwanza.

Mara ya tatu kwa unga ule ule, ambayo wote waliihofia, mafuta yaliganda, meupe. Ya nne pia. Ilipofika ya kumi na moja, watu waliacha kazi zao wakaja kujazana mlangoni. Bonaventura alipanda juu ya kreti.

"Niliyemkataza kufikiri ndiye aliyetubakisha kazini," alisema. "Mama Hamisa, mbele ya wote hawa, nisamehe."

Wanawake wa kufunga sabuni walipiga vigelegele, wakambeba juu juu. "Nilipiga kelele waniteremshe," anacheka, "lakini moyoni nilisema, bado kidogo."

Desemba ilipita, na hakuna aliyefunga virago. Sasa Mwantumu ndiye mkuu wa ukokotoaji. Karatasi zilizo mezani leo ni za hesabu ya shaba: anataka kujua kama inaweza kufanya sehemu ya kazi ya nikeli.

Ana mpango mwingine. Mwakani, akiwa na miaka thelathini na saba, atafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwaka ule ule na binti yake, Hamisa. Baadaye anataka kusoma kemia yenyewe.

Nani atamshinda mwenzake?

"Kiswahili atanishinda," anasema, akirudisha mkono kwenye mashine. "Hesabu, aje tuonane."