Kichekesho cha Siku Ambayo Hakuja

Dada yangu alitaka kusikia neno moja tu kutoka kwa yule mwanamume: samahani. Ndiyo maana alikubali mwaliko wake, na ndiyo maana mimi, ambaye sikutaka hata kumwona, nilimsindikiza Jumamosi mchana hadi ukumbi wa kanisa pale Yamumbi kutazama filamu aliyoitengeneza. Alikuwa amemwambia kwa simu kwamba ni filamu ya mapenzi yenye kuchekesha, na kwamba ndani yake angejiona.

Jamaa aliiandika mwenyewe, akaiongoza mwenyewe, na mpenzi mkuu ni nani kama si yeye. Kwa karibu nusu saa alitembea msituni Timboroa kwenye ukungu, skafu shingoni, akiongea peke yake juu ya moyo wake ulivyo mgumu kueleweka. Kamera haikubanduka usoni pake. Wasichana watatu walimpenda, na hakuna aliyepewa nafasi ya kusema kwa nini. Mimi nilikuwa nimeshachoka na pua yake.

Kisha ikaja siku ya posa. Miaka minne iliyopita jamaa huyu alipanga kuleta wazee wake nyumbani kwetu Cheptiret. Tulikodi viti, tukachinja mbuzi, mama akagandisha maziwa ya mursik wiki nzima kwenye vibuyu vyake. Hawakuja, na simu yake ikazimwa. Sasa kwenye filamu mama yetu alikuwa mwanamke mnene wa kitenge, anayekimbia langoni kila gari linapopita, kibuyu kifuani, mpaka akateleza na kujimwagia maziwa kichwani. Watu walivunjika mbavu. Nilishikwa na kinyaa, kinyaa cha kweli, cha kutaka kutema mate pale pale sakafuni. Dada hakugeuza kichwa.

Ilipoisha akatujia akitabasamu, akamuuliza dada ameionaje. Dada alimjibu polepole, bila kupandisha sauti.

"Mama aliwekea nyinyi chakula mpaka kesho yake. Alikataa tuguse. Hiyo hukuonyesha."

Jamaa aliinamisha macho, na mimi, mjinga, nikadhani sasa ataomba msamaha.

"Wah, hiyo ni kali," alisema. "Ningejua ningeiweka."

Akatoa simu mfukoni aiandike asije akaisahau.