Saa Mbili kwa Ndege

Hebu mwone Sadri anavyokuja, msomaji wangu. Gari jeupe, jipya kabisa, linapanda barabara ya kijiji chetu milimani juu ya mji wa Prizreni, jua likielekea kuzama. Nyuma limelala kwa uzito: mashine ya kufulia, katoni za kahawa na chokoleti. Macho yake mekundu. Hajalala tangu Uswisi. Leo dada yake wa pekee, Shkurte, anaolewa, na kwetu bibi harusi huongozwa kutoka nyumbani kwa mkono wa kaka yake kabla giza halijaingia. Kaka mwenyewe ni huyu tu.

Na ndege zipo! Kutoka Zurich hadi Prishtina, mji wetu mkuu, ni kilomita elfu moja na mia moja hivi angani. Saa mbili umeshuka. Hanife, mkewe, alimsihi wakiwa jikoni kwao kule Uswisi, nami nikiwa pale, maana mimi na Sadri tulikuwa tukifanya kazi moja, ya kupaka rangi nyumba.

"Mimi na watoto tunapanda ndege. Twende sote, baba watoto."

"Nifike na kibegi kama mtalii? Wakwe waje wakute ua mtupu?"

"Wanakuja kumchukua Shkurte, hawaji kutazama gari!"

"Aa, mama watoto, hayo mambo ya wanaume."

Nilicheka. Hata mimi huenda kwa gari kila kiangazi, siku nzima na usiku wake, ili majirani wanione nikishusha mizigo.

Basi akakwama. Foleni ya kuingia Serbia haikusogea tangu usiku hadi asubuhi. Mchana Hanife, aliyekwisha kufika kijijini kwa ndege, akampigia simu.

"Uko wapi?"

"Nakaribia."

"Unakaribia wapi, Sadri?"

"Belgradi... nimeshaipita. Karibu naipita."

Shkurte akainyakua simu. "Kaka, wakwe wamekunywa kahawa mara ya tatu. Mjomba anaitazama saa."

"Wacheleweshe kidogo, dada! Waimbie!"

"Bibi harusi haimbi, wewe!" Akacheka, kisha sauti ikashuka. "Njoo, kaka. Sitaki mkono wa mjomba."

Tangu hapo Sadri aliendesha kama mwendawazimu. Na sasa, kwenye kona iliyo chini ya kinu cha kusagia nafaka, akasikia honi na ngoma. Akajua. Akasogeza gari pembeni.

Msafara ukateremka, bendera zikipepea madirishani. Katika gari la tatu alikaa Shkurte, shela jekundu kichwani, macho chini kama desturi ilivyo. Sadri alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Lakini kwetu msafara wa bibi harusi hausimamishwi. Wanasema anayeusimamisha humletea nuksi. Kitasa kikabaki mkononi. Dereva mmoja alimpungia mkono wa asante kwa kupisha njia, kama unavyompungia mgeni. Gari lilikuwa jipya, nani angelitambua?

Alikaa pale hadi vumbi likatulia. Kisha akapanda nyumbani, akashusha mashine ya kufulia katikati ya wanawake waliokuwa wakiosha vyungu. Mama yake akambusu.

Siku hizi Sadri huenda kwa ndege tu. Shkurte humpikia, na mara kwa mara humuuliza, "Hivi kaka, nilipokuwa natoka, wewe ulikuwa umefika wapi?"

"Mpakani," humjibu. "Bado nilikuwa mpakani."

Ukweli aliniambia mimi peke yangu. Sasa nawe umeujua. Je, dada yake naye aambiwe?