Mstari kwenye Skani

Tulikuwa wanne katika duka la steshenari Mapinga: askari, mzee mwenye kiwanja, binti wa dukani na mimi mteja, mwanangu mgongoni.

Mzee alishika nakala ya hati bandia ya kiwanja chake. "Imepigwa skani hapa mwezi uliopita. Utafungwa, wewe!"

Binti alirudi nyuma. Askari akamsogezea kiti. "Kaa, mwanangu. Nionyeshe skani zako za mwezi huo."

Kila ukurasa ulikuwa na mstari mwembamba, maana kioo cha mashine kina mkwaruzo. Hati bandia haikuwa nao.

"Si mashine hii, mzee," askari akasema.

Mzee akavua kofia. "Nisamehe, mwanangu."

"Yamekwisha, babu," binti akajibu huku analia.

Nami nilizoea kuulalamikia mstari ule!

Jumatatu mzee alileta hati yake halisi, ikapigwa skani palepale.