Salamu Niliyoitunga

Nilikuwa dereva wa familia moja ya Waayalandi pale The Pearl, mtaa wa kifahari wa Doha. Baba mzazi wa madam alikuja kukaa nao baada ya kustaafu. Maisha yake yote alikuwa amefundisha shuleni Kiayalandi, lugha ya kwao ambayo Kiingereza kimekaribia kuimeza yote, na alikuwa ameiandikia vitabu. Hapa Doha alibaki na wanafunzi wawili tu, wajukuu zake, akiwafundisha ndani ya gari tukitoka shuleni kwao Abu Hamour. Foleni ikikaza, yeye anafurahi. Mtoto akiomba maji kwa Kiingereza, mzee anageuka kiziwi.

Siku moja akaniuliza, "Kwenu mnasalimianaje? Si kwa Kiswahili. Kwa lugha ya mama yako."

Mama yangu ni Mpare wa Usangi. Mimi nimekulia Temeke, na Kipare nilikisikia akizungumza na dada zake, nikiomba wamalize kabla rafiki zangu hawajafika. Ningesema sijui, yangeisha. Lakini mzee alinitazama kwenye kioo kwa heshima ambayo sijawahi kupewa nikiwa kwenye usukani, nami nina kiburi cha kijinga. Nikachukua maneno ya Kiswahili, nikayakata vichwa, nikayabandika mikia. Akayarudia mpaka akayashika. Toka hapo kila asubuhi ananisalimu hivyo, wajukuu nao wanamfuatiza, nami naitikia huku uso ukiniwaka.

Ijumaa moja nikiwasubiri kwenye maegesho, mama akapiga simu ya video. Mzee akatokea.

"Ni mama yako? Niruhusu nimsalimu."

Nikasema mtandao mbaya. Mama naye akadakia, "Nani huyo? Mpe simu, baba."

Mzee akavua kofia, na jua lote lile, akatamka salamu yangu mpaka mwisho.

Nimeonja aibu nyingi kazini, za kufokewa na za kusimamishwa juani, lakini hii niliipika mwenyewe. Mama angecheka ningemwelewa. Badala yake alijitanda khanga vizuri, akamsalimu kwa Kipare chenyewe, taratibu, kama anavyowasalimu wakubwa wa ukoo. Halikuwamo neno hata moja lililofanana na yangu, na mzee aliyeishi na lugha maisha yake yote hakuhitaji kuelezwa. Hakunigeukia. Alisema tu, "Mwombe arudie."

Mama akarudia. Mzee akamfuatiza, mama akamsahihisha, wakacheka wote wawili. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika simu.

Kabla ya kukata, mama aliniambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, si ungeniuliza?"

Kesho yake mzee alishuka na kofia yake, akanisalimu kwa maneno ya mama, na lafudhi ya mama kabisa, akasimama kungoja. Hakuwa ananikomoa. Salamu huitikiwa, basi. Kiitikio chake kwa Kipare sikukijua.

Nikamjibu kwa Kiingereza, nikamfungulia mlango wa gari.