Mlango wa Uani wa Welfea

Watu wa Temeke walimwita Audax "Karani wa Welfea", na wengine walikata maneno wakamwita Welfea tu, kana kwamba yeye na ile nyumba ni kitu kimoja. Hawakukosea sana. Ndiye aliyefungua madirisha asubuhi, ndiye aliyepanga timu ipi icheze mpira uwanjani na ngoma ipi ipigwe Jumamosi, na ndiye aliyelinda magazeti ya chumba cha kusomea yasiishie sokoni kufungia dagaa. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Akitaka kumkanya mtu, alianza kwanza kukohoa.

Alisoma kwa mapadri miaka michache, akawa karani wa maghala bandarini, na serikali ilipoanza kujenga nyumba za starehe na elimu ya watu wazima, zilizoitwa Welfea, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akaomba kazi huko. Nyumba ya Temeke ilikuwa ya matofali ya saruji na bati juu, na mbele ilikuwa na baraza pana lililotazama njia ya sokoni. Mwanzoni watu waliiogopa wakidhani ni ofisi ya kodi. Audax akatengenezesha mabenchi mawili marefu, akayaweka upande huu na huu wa mlango. Akaleta bao la mninga na kete zake, akamkaribisha muuza kahawa. Haukupita muda baraza likajaa wanaume tangu alasiri hadi magharibi, na Audax akitoka ofisini kwake alilitazama kama mkulima anavyotazama shamba lililokubali.

Chumba cha ndani ndicho kilichomkondesha. Kilikuwa nyuma ya ukumbi, kina dirisha moja, na mlangoni pameandikwa "Darasa la Akina Mama". Mwalimu wake alikuwa Auleria, mkewe Audax, aliyefundishwa na masista kushona na kusomesha. Kila alasiri Auleria alifuta vumbi kwenye viti, akapanga vibao vya kuandikia, akaketi. Kila jioni aliondoka bila kumwona mwanamke hata mmoja.

Mzungu wa ofisi ya mji alikuja akakitazama chumba, akasema, "Masika yakianza na hapa bado patupu, patakuwa stoo ya saruji."

Usiku ule Auleria hakugombana. Alisema tu, "Baba Gozbert, mie sikuja Dar es Salaam kufundisha viti. Wakikifanya stoo, nirudishe kwetu nikalime migomba. Migomba angalau inatikisa majani ukiisemesha."

Audax alijua kwamba mkewe hatanii. Kesho yake akatoka barazani, akakohoa.

"Jamani, samahani. Wake zenu mmewakataza kuja darasani?"

"Nani kamkataza mtu?" alijibu Bakari bila kuinua macho kwenye bao. Bakari alikuwa fundi mwashi, na hapo barazani hakuwa na mpinzani. "Wangu nampa ruhusa kila siku. Yeye ndiye haji."

"Na wangu vilevile," alisema Mzee Aidarus, Mwarabu mwenye duka ng'ambo ya njia. "Nimemwambia Zubeida, nenda kajifunze, upunguze kunisumbua."

"Labda wanaogopa mtawalisha senene, wale panzi wenu wa Bukoba," akaongeza Bakari, na baraza zima likacheka. Audax naye akacheka, kwa adabu, akarudi ndani akiamini kwamba wote wanamdanganya.

Mgeni kipofu japokuwa ana macho. Aliyemfungua Audax macho alikuwa marehemu, shangazi yake Bakari, Mungu amrehemu. Alipofariki, Audax na Auleria walikwenda msibani pamoja. Mbele ya nyumba wanaume walikuwa wamekaa mikekani. Audax akavua viatu, akaamkia wazee shikamoo, akaketi. Auleria akanyoosha moja kwa moja kuelekea mlango wa mbele. Kabla hajafika, mkono wa mwanamke ulitokea pembeni ya nyumba, ukamshika, ukamvuta uchochoroni. Audax aliona pindo la kanga tu, kisha mkewe hayupo.

Akakaa. Wakasomewa dua, wakala, wakapeana pole. Watu wakaanza kuondoka mmojammoja. Audax aliona haya kuulizia mkewe katikati ya kilio cha watu, akabaki pale anakunja na kukunjua kofia yake. Jua likashuka. Mwishowe Bakari akamjia.

"Karani, unalala hapa? Hatukatai, mikeka ipo."

"Namngoja mama watoto."

"Mama watoto? Wanawake wameondoka tangu alasiri."

"Sikumwona akitoka."

"Utamwonaje, nawe umekaa mbele?"

Audax alifika nyumbani akiwa na haraka na aibu, akamkuta Auleria anamenya ndizi. Uso wake ulikuwa umechangamka kuliko siku zote tangu wahamie mjini.

"Kaa nikwambie," alisema. "Huko uani walikuwa wamejaa kama siafu. Wakaniuliza wewe ni nani. Nikasema mwalimu wa Welfea. Wakapiga kelele! Siku nyingi wanataka kuja, Baba Gozbert. Mkewe Bakari, Mwanaasha, ndiye aliyenivuta mkono. Anasema, 'Mwenzangu, sie tutapita wapi? Baba mkwe wangu kakaa pale mlangoni, miguu kainyoosha. Nimruke?'"

Audax akaliona akilini baraza lile, mlango mmoja, na mabenchi mawili huku na huku.

"Mabenchi yale niliyaweka mie," alisema.

"Najua. Na mie nilikusifu."

Asubuhi alijaribu njia ya karibu. Aliwaomba wazee wahamie nyuma ya nyumba. Mzee Aidarus akamtazama kwa huruma. "Tukakae nyuma tutazame nini, mwanangu? Ukuta?" Audax akaona kwamba akilazimisha, baraza litakufa na darasa halijazaliwa. Akaenda ofisi ya mji kuomba mlango wa pili. Akaambiwa nyumba hizi zote zina ramani moja, na maombi ya kuibadili yangoje mwaka ujao. Alipotoka, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Pugu.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Bakari, akamkuta anaosha mwiko wake wa saruji.

"Mbona hamkuniambia kwamba wake zenu hawana pa kupita?"

"Uliuliza kama tumewakataza. Hatukuwakataza." Bakari akacheka peke yake. "Nyumba ile nimeijenga kwa mikono yangu, karani. Tulipofika nyuma tuliulizana, mlango wa uani mbona haupo? Tukasema, aa, nyumba ya serikali hii, nani atakuja humo na mkewe."

"Nataka uukate sasa. Pale chini ya dirisha."

"Ukuta wa serikali?"

"Ndiyo."

"Watatufunga."

"Watanifunga mie. Wewe utasema karani alikuamrisha."

Bakari akamtazama yule mtu wa sauti ya chini kama anayemwona leo. "Wewe uniamrishe mie? Hakuna atakayeamini," alisema. Lakini Jumapili alikuja na nyundo na patasi. Akampa Audax nyundo apige pigo la kwanza, ili, alivyosema, dhambi ikae mahali pake. Pigo likaambaa ukutani. La pili likauma. Hadi jioni dirisha lilikuwa limeshuka mpaka chini likawa mlango, na nyuma ukazungushwa ua wa makuti wenye upenyo mmoja wa kutokea uchochoroni. Auleria na Mwanaasha walishinda wakipita nyumba kwa nyumba, wakialika kama wanavyoalika harusi.

Jumatatu baraza lilijaa kama kawaida. Audax alikaa ofisini na kalamu mkononi asiandike neno. Mara sauti nyingi za wanawake zikapenya ukutani: ba, be, bi, bo, bu. Barazani Mzee Aidarus akabaki ameshika kete hewani.

"Hao wamepita wapi? Na sauti ile si ya Zubeida?"

"Cheza, mzee," alisema Bakari. "Zamu yako."

Mzungu alikuja na mvua ya kwanza, na nyuma yake lori lenye mifuko ya saruji. Akapita katikati ya wanaume, akausukuma mlango wa darasa. Wanawake wakavuta kanga vichwani. Hapakuwa na kiti kitupu. Aliyatazama hayo, kisha akautazama mwanga uliotoka mahali ambapo ramani yake ilikuwa na dirisha.

"Nani katoa ruhusa?"

Audax alisahau hata kukohoa. "Nyumba ilikuwa haijaisha, bwana. Nimeimalizia."

Mzungu akaenda mpaka pale penye mlango. Nje, ukutani chini ya upenu, ndara zilikuwa zimepangwa zisilowe. Alirudi barazani, akamkaripia Audax mbele ya watu wote, maneno makali na marefu, na Audax akayapokea ameinamisha kichwa. Lakini lori liliondoka na saruji yake. Wiki iliyofuata likaleta kopo moja la rangi ya kijani, ile wanayopaka milango ya serikali.

Baadaye darasa lilizaa mengine, la ushonaji, la kulea watoto wachanga, na Mwanaasha akawa msaidizi wa Auleria. Habari za kurudi kulima migomba hazikusikika tena. Audax aliendelea na viwanja vyake, ngoma zake na magazeti yake.

Kitu kimoja tu hakikumwingia kichwani. Kila magharibi alifunga madirisha, akasimama barazani na funguo mkononi, akiutazama mlango wa mbele, akimngoja mkewe. Bakari akikusanya kete humwacha asimame kidogo, kisha humwambia:

"Karani, nenda nyumbani. Chakula kinapoa."

Audax hukohoa, akashuka ngazi.