Herufi Moja Niliyomwekea Baba

Baba yangu alikuwa na miezi saba hajatamka neno. Siku aliyolisema, watu laki mbili na ushee walilitazama kwenye simu zao, wakalia, wakanitumia mioyo.

Tatizo ni kwamba hakulisema yeye. Nililisema mimi.

Naandika haya kwa aibu, na aibu yenyewe bado mbichi. Mkitaka kunitukana, nisubirini nifike mwisho.

Mimi ni MC. Harusi, mahafali, ufunguzi wa maduka, niite tu. Wananiita Mdomo. Kazi yangu ni kushika maiki na kuhakikisha hakuna sekunde inayopita kimya. Bwana harusi akishikwa na kigugumizi, namalizia sentensi yake, watu wanacheka, mambo yanaendelea. Nimewamalizia watu sentensi miaka kumi na moja.

Baba alikuwa kinyume changu kabisa. Fundi redio. Kibandani kwake redio zilikoroma kuanzia asubuhi, kila moja na stesheni yake, kwa hiyo akirudi nyumbani hataki kusikia hata saa ya ukutani. Akifungua mlango tu, kila chenye kelele kinanyamaza, na sisi tukiwemo.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Akawa anaangusha bisibisi. Ukaja miguuni, ukapanda mpaka kwenye ulimi.

Daktari hakuzunguka mbuyu. Alituambia neva zinazoendesha misuli zinakufa moja moja, hakuna dawa ya kuzirudisha, na kwamba akili ya mzee haijaguswa. Anasikia kila kitu. Anaelewa kila kitu. Kinachomtii ni macho tu.

Basi hospitali ikatupatia muuguzi wa tiba shufaa, wale wanaokuja nyumbani kumpunguzia mgonjwa mateso wakati kupona hakupo tena. Mwanamke mfupi, sauti ya chini, viatu anavua nje. Siku ya kwanza alimwamkia Baba shikamoo, kisha akasimama akisubiri. Mimi nikataka kuitikia kwa niaba yake. Akaniinulia kidole. Baba akafumba macho mara moja, taratibu.

"Marahaba nimeipata," akasema muuguzi.

Alitufundisha vitu vidogo vidogo vya kwenda sambamba na dawa za hospitali. Kumkanda mikono na miguu kwa mafuta yenye matone ya lavenda, maana misuli ilikuwa inakakamaa mpaka anatoa machozi. Taulo la moto shingoni. Kupumua naye pamoja, polepole, akipatwa na hofu. Muziki kidogo, akitaka.

Alisisitiza mambo mawili. La kwanza, haya hayaponyi, yanapunguza. La pili, tumuulize kila siku, kwa sababu cha jana leo kinaweza kuwa kero.

Kwa kuuliza, alituachia ubao wa herufi. Mistari mitano. Unapitisha kidole, mstari huu, huu, huu, mpaka afumbe macho mara moja. Halafu herufi moja moja. Kufumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Akitazama dari, neno limekwisha.

Kisha muuguzi akaenda masomoni miezi mitatu. Aliyekuja badala yake alikuwa na wagonjwa wengi, akawa anatuletea dawa na kukimbia. Nyumba ikabaki na mimi, Mama, na Baba.

Mama ndiye aliyemkanda. Mikono yake ilijua pa kupita. Mimi nikaona kukanda ni kazi ya polepole mno, nikachukua upande wa muziki. Nani anaujua muziki kunishinda?

Nilijiambia Baba alichukia kelele kwa sababu ya kazi yake, na sasa kazi hana. Ona akili yangu.

Jumatano ya kwanza baada ya muuguzi kuondoka, saa kumi jioni, nikaingiza chumbani spika yangu ya harusini. Nikaweka wimbo wa dansi wa ujana wao, sauti juu, madirisha yakatetemeka. Simu nikaiegemeza kwenye glasi, ikarekodi.

Macho ya Baba yakaanza kuhangaika. Ubao, mimi, ubao, mimi. Anataka kusema! Nikaukamata ubao, mstari, herufi, mstari, herufi. Nikaunganisha, nikaruka juu.

"Mzima! Baba anasema yeye ni mzima!"

Chozi likamtiririka Baba hadi sikioni. Nikambusu kipaji cha uso, na mimi nikalia, simu inaendelea kurekodi.

Mama alikuwa miguuni, mikono imejaa mafuta. Hakuruka. Alisema kwa sauti yake ndogo kwamba anadhani hatukumwelewa Baba. Nikamwambia asinikate mzuka.

Video ikapanda hewani kwa kichwa cha habari nilichokitunga mwenyewe: MZEE APONA KWA MUZIKI. Kufika Ijumaa sikuwa na jirani asiyeniona shujaa.

Nikaifanya ratiba. Kila siku saa kumi, laivu, mimi na Baba na spika. Watu wakauliza orodha ya nyimbo, nikawapa. Mwanamke mmoja akauliza kama kaka yake aache sasa dawa za hospitali. Nikamjibu kwa picha ya moyo. Moyo, jamani. Hata sijui ulimaanisha nini.

Ubao wa herufi sikuuona na kazi tena. Baba keshasema. Nikachukua kalamu nene nyekundu, nikaandika juu yake MZIMA, kubwa, ikafunika herufi zote, nikautundika ukutani nyuma ya kitanda ili uonekane kwenye kamera.

Yaani mdomo pekee aliobaki nao Baba niliugeuza pambo, nikautundika asikoweza kuuona.

Mama aliniambia mara tatu, nahesabu sasa. Mara ya kwanza kwamba mikono ya Baba inakakamaa zaidi jioni. Mara ya pili kwamba nikienda kazini kwangu harusini, yeye huacha chumba kimya na mzee hulala. Mara ya tatu alisema tu, "Punguza, mwanangu." Nikamjibu kwamba muziki ni tiba, na yeye si mtaalamu.

Kwenye komenti nako alijitokeza mmoja wa kuniharibia. Hana jina la maana, picha yake ni ua la plastiki. Aliandika: "Mbona baada ya wewe kupiga kelele mzee anafumba macho mara mbili?"

Nikamjibu pale pale, mbele ya kadamnasi: wivu utakuua, toka hapa. Nikamfungia asiuone tena ukurasa wangu. Watu wakanipigia makofi.

Muuguzi alirudi bila taarifa. Ilikuwa saa kumi na dakika kadhaa, tuko katikati ya laivu.

Alivua viatu, akaingia, akatazama spika, akatazama ukuta. Alimwamkia Baba, akasubiri, akaipata marahaba yake. Kisha akachukua kalenda ya zamani, akaigeuza nyuma, akachora mistari mitano ya herufi.

Mimi nikaigeuza kamera upande wao. Nilitaka watazamaji waone mtaalamu akithibitisha.

Wimbo unalia. Muuguzi anapitisha kidole bila haraka yoyote, kila herufi anaiandika kwenye karatasi. Mstari wa tano, Z. Wa pili, I. Wa tatu, M. Wa kwanza, A.

Baba akatazama dari.

"Mmeona?" nikawaambia watazamaji. "Bado anasema ni mzima."

Muuguzi hakunitazama. Alikuwa anaitazama karatasi aliyoandikia.

"M ya mwanzo iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia labda mzee amechoka, hata siku ile herufi hiyo aliiruka, nikamwekea mimi.

"Ulimwekea wewe."

Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali. Akamwinamia Baba, akasoma alichoandika kama kilivyo. "Mzee, unasema zima?"

Baba akafumba mara moja.

Muuguzi akanyoosha mkono kwenye spika, akaizima.

Jamani, sijui niwaelezeje kile kimya. Taya la Baba, lililokuwa limekazwa miezi mitatu nikidhani ndiyo ugonjwa, lililegea. Akashusha pumzi ndefu. Mama akaacha kumkanda, akashika nyayo zake tu, akainamisha kichwa.

Hapo ndipo nilipomsikia Baba kwa masikio ya utoto. Zima. Neno la kwanza kila jioni akifungua mlango, kabla ya hodi, kabla ya salamu. Zimeni hiyo. Nimelisikia mara ngapi mimi? Nililijua kabla sijajua jina langu, na lilipokuja kwa macho nikalibandika herufi ili linifae.

Miezi mitatu mtu anakuomba kimya, na wewe unamwongezea sauti.

Laivu ilikuwa bado inaendelea. Watu mia nne waliniona nikikaa sakafuni. Mimi, Mdomo.

Muuguzi alinigombeza baadaye, sebuleni, na hakunigombeza kwa ajili ya Baba peke yake. Aliuliza ni wangapi nimewaambia muziki unaponya. Nikamtafuta yule mwanamke wa moyo. Nilimpigia, nikamwambia nilidanganya, kaka yake arudi kwenye dawa leo hii. Akasema kaka yake alishaziacha wiki tatu nyuma. Akakata simu. Sijui yuko vipi mpaka leo, hapokei tena.

Baba aliishi wiki saba zaidi. Nilijifunza kukanda. Mama alinielekeza, na mara ya kwanza niliitumia mikono kama napanga viti vya ukumbi, Baba akafumba mara mbili, mara mbili tena. Wiki ya tatu akafumba mara moja.

Kila asubuhi nilipitisha kidole kwenye kalenda na kusubiri atazame dari. GEUZA. MGUU. MAMA YAKO ALE. Kuna siku ilinichukua nusu saa kupata WASHA KIDOGO. Nikaweka ule wimbo wa dansi, chini kabisa, kwenye simu. Ulipofika katikati macho yakaenda kwenye kalenda. Z, I, M, A. Naapa macho yake yalikuwa yanacheka.

Niliomba radhi. Nilimwambia yote, hata lile la kalamu nyekundu. Aliandika neno moja, SAWA, akatazama dari. Nilitaka liwe refu kuliko hapo. Sikuliongezea.

Alifariki mchana, mikono yake ikiwa ndani ya mikono ya Mama, nyumba kimya.

Wiki mbili baada ya maziko nilikaa kuifuta ile video. Kabla sijaifuta nikaitazama, kwa mara ya kwanza bila sauti. Ni kweli. Mimi naruka, na nyuma yangu Baba anafumba mara mbili. Mara mbili. Mara mbili. Aliacha nilipombusu.

Nikaikumbuka ile komenti. Nikamwambia Mama, aliyekuwa anakunja mataulo ya Baba, kwamba kuna mtu mmoja tu duniani aliyeona ukweli siku ile ile, na mimi nikamtukana mbele za watu. Natamani nimpate nimwombe msamaha.

Mama hakuacha kukunja.

"Ulisema wivu utaniua," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikageuka, na macho yangu yakatua dirishani, kwenye ua lake la plastiki, lile analolifuta vumbi kila Jumamosi tangu niko shule.

Sikuweza kumtazama usoni. Nilimuuliza kwa nini aliniandikia huko wakati tuko nyumba moja.

"Nilikwambia hapa, hukusikia. Nikaona huko ndiko unakosoma." Akaweka taulo la mwisho juu ya mengine. "Halafu ukaja jikoni ukaniomba chai. Nikakupa."

Sina cha kuongeza juu ya hapo. Ukiwa na mgonjwa asiyeweza kusema, mkande, mwekee taulo la moto, mpigie muziki akiutaka, yote hayo yanasaidia, nimeona kwa macho yangu. Ila muulize kwanza, kisha funga mdomo mpaka amalize. Na ndani ya nyumba yako, kama kuna mtu mwenye sauti ndogo, msikilize hapo hapo. Mimi wangu ilibidi aniandikie.